Mwongozo wa Kupiga Picha ya Tawi

Hongera kwa kuamua kupiga picha ndege na wadudu wa uani kwako. Umechagua mji unaofaa. Arusha imekaa chini ya Mlima Meru, kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ina misimu miwili ya mvua, mito inayoshuka kutoka mlimani, migomba, mikahawa na miparachichi iliyojaa viumbe ambao hakuna aliyewahi kulipa kiingilio kuwaona. Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, na baadhi yao hutua kwenye kamba yako ya kuanikia nguo. Wadudu hakuna aliyemaliza kuwahesabu. Aliyejitahidi ni Mswidi mmoja, Yngve Sjöstedt, aliyekuja na msafara mwaka 1905 na kuzunguka Kilimanjaro, Meru na nyika za Wamaasai hadi 1906. Matokeo yake yalijaza juzuu tatu nene. Lakini Sjöstedt alitumia wavu na chupa. Aliwaua kwanza, ndiyo maana walitulia. Wewe umejinyima njia hiyo, kwa hiyo fuata maelekezo haya kwa utaratibu na usiruke hatua yoyote, kwani kila hatua ina namna yake ya kukushinda.

Anza na kifaa. Kwanza utatumia simu. Simu ni nzuri. Itampiga chozi dume, mwenye rangi za shaba na zumaridi zinazobadilika kila anapogeuza shingo, na itakupa nukta nyeusi kwenye mgomba. Vuta picha kwa vidole. Nukta itakuwa mraba. Baada ya hapo utaanza kutafuta kamera, na mtu atakutajia Nikon P1000, inayovuta kitu mara 125. Ni kweli inavuta. Utaona mashimo ya mwezi. Ndege ndiye hutamwona, maana ukivuta kiasi hicho hata pumzi yako inamtoa nje ya picha, na kumtafuta upya ni sawa na kumtafuta mtu katika Soko la Kilombero kwa kuchungulia kwenye mrija wa soda.

Nunua iliyotumika. Muuzaji atakuapia kwamba ilikuwa ya mzungu aliyemaliza safari akaamua kupunguza mizigo. Kila kamera iliyotumika mjini Arusha ilikuwa ya mzungu aliyemaliza safari. Usiulize kwa nini mzungu huyo alisahau kuacha chaja. Nunua na tripodi, ambayo utaibeba kila mahali na kuifungua mara moja, mbele ya watu, ili ionekane ulikuwa na sababu ya kuinunua. Nyumbani ukiulizwa bei, taja nusu. Nusu hiyo nayo itakuwa kubwa mno, kwa hiyo jiandae kutaja robo.

Mavazi ni jambo dogo lakini limeharibu wengi. Usivae kaki. Mahali pengine duniani kaki ni vazi la kujificha ndege wasikuone. Hapa Arusha ni sare ya kazi. Toka nayo hadi dukani kununua vocha, utaulizwa Ngorongoro kwa watu wanne ni dola ngapi na kama gari lina friji. Kofia ya ukingo mpana usiiguse kabisa. Vaa fulana ya zamani ya kampeni, hasa kama ni ya kijani. Ikiwa ni ya rangi nyingine, shauri yako.

Amka saa kumi na mbili kasoro. Jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu, na huku karibu na ikweta mwanga mzuri haukai: likishapanda linapanda, na kufikia saa tatu na nusu ndege mweusi amekuwa shimo na mweupe amekuwa taa. Una saa tatu, basi. Toa humo muda wa kutafuta memori kadi. Toa muda wa kuwapeleka watoto shule. Kuanzia Juni hadi Agosti toa asubuhi yote, kwa sababu wingu la Meru hulala juu ya mji mpaka mchana na kila picha hutoka kijivu. Machi hadi Mei ni masika: ndege wamevaa rangi zao zote, wanajenga, wanapigana, wanatongozana hadharani, nawe uko ndani unafuta ukungu kwenye lenzi kwa pindo la fulana ya kampeni. Pindo hilo linakwaruza kioo, lakini utagundua baadaye.

Sasa ndege wenyewe. Wa kwanza kumwona atakuwa kunguru. Huyu wa hapa ana kifua cheupe na ukosi mweupe, si yule wa kijivu aliyeletwa Zanzibar kutoka India akasambaa hadi Dar es Salaam. Anatua karibu. Anakaa. Anageuza kichwa kukupa upande wake mzuri. Usimpige. Kanuni ya kwanza, ambayo hutaikuta imeandikwa popote ila kila mpiga picha anaitii, ni kwamba ndege anayekubali kupigwa picha hana thamani. Ungekuwa na picha elfu za kunguru, zote safi, zote zimenyooka hadi kwenye kope, na mpiga picha mwenzako angekuuliza, "Umeanza lini?"

Kwarara ni hatua ya pili. Huyo hupita juu ya mapaa alfajiri akipiga yowe linaloamsha mtaa mzima, kisha hushuka kwenye nyasi kuchokoa minyoo kwa mdomo wake mrefu uliopinda. Begani ana mng'ao wa kijani na zambarau ambao huonekana kwa pembe moja tu ya jua. Tafuta pembe hiyo kwa subira. Utaikuta iko ndani ya banda la kuku.

Kuzumburu utawapata kwenye mpapai, kundi zima, wakila papai kwa zamu. Asubuhi ya baridi huning'inia kwenye tawi wakiota jua tumboni, na hapo wanapigika vizuri. Tatizo ni mkia. Mkia wa kuzumburu ni mrefu kuliko kuzumburu mwenyewe, na utaukata. Kila mtu huukata. Halafu mwenye papai atataka kujua ni kwa nini ulimwona mwizi, ukamtazama nusu saa, ukachukua kumbukumbu zake, na hukumtupia hata jiwe. Usijaribu kujibu.

Minana ni rahisi zaidi kwa maana ya kwamba hawahami. Mnana wa Speke, yule wa manjano mwenye barakoa nyeusi, hujenga kijiji kizima kwenye mti mmoja wenye miiba katikati ya makazi ya watu, na kelele zake zinasikika hadi barabarani. Dume anasuka kiota kwa majani mabichi, ananing'inia chini yake akipiga mabawa, anamsihi jike aje kukikagua. Katika baadhi ya aina za minana, kiota kikikataliwa dume hukibomoa mwenyewe na kuanza upya. Utajikuta unampenda. Utampiga picha nyingi za mgongo. Jua tu kwamba mti wenye viota vingi kuliko yote mtaani ni ule ambao mwenyewe amekwisha kupatana na mtu wa msumeno kuja Jumamosi.

Chozi tumemwacha makusudi hadi sasa, kwa sababu ndiye atakayekumaliza. Chozi hana haraka, ana ratiba. Hutembelea maua yaleyale, ua la mgomba, la mgrevilea, la mshubiri, kwa mzunguko uleule. Chunguza mzunguko huo. Weka kiti. Elekeza lenzi kwenye ua, fokasi, shika pumzi. Atakuja kwenye ua lililo nyuma ya sikio lako. Geuka polepole. Ataondoka haraka. Rudia hadi chai ipoe, kisha ingia ndani kuipasha. Ukiwa jikoni, chozi atatua kwenye kioo cha pembeni cha gari la jirani, ataona dume mwenzake humo, na kupigana naye hadi adhuhuri bila kumjali mtu, akichafua mlango wote. Hapo ndipo utapata picha yako kali kuliko zote: mwanga umekaa, manyoya yanahesabika, na namba ya gari inasomeka.

Kwa faida yako, picha inayosakwa na kila mtu katika hobi hii ni ya ndege aliyeshika mdudu mdomoni. Inaonyesha umri wa subira yako. Inaunganisha nusu mbili za kazi yako katika fremu moja. Ukikosa ndege na ukakosa mdudu, unabaki na tawi, na tawi utakuwa nalo jingi. Litunze katika folda yake. Lipe jina la ndege aliyekuwapo.

Tuingie kwa wadudu. Wengi huhamia huku baada ya kushindwa na ndege, wakidhani kitu kidogo kina haraka ndogo. Nunua lenzi ya kubana kwenye simu. Iko kwa wauza vifaa vya simu, pembeni ya chaja na vioo. Sogea. Sogea zaidi. Ukiwa karibu kiasi cha kuona macho ya nzi, sehemu inayoonekana vizuri kwenye picha ni nyembamba kama ukucha: ukilipata jicho, mguu umepotea kwenye ukungu, ukiupata mguu, huna picha, una mguu. Toka mapema, kabla jua halijapasha joto, maana kereng'ende hawezi kuruka mpaka misuli yake ipate moto. Julai ni mwezi mzuri. Kereng'ende ameganda kwenye unyasi, ana matone ya umande kwenye mabawa, hatikisiki. Vidole vyako navyo havitikisiki.

Kagua mlimau. Juu ya majani yake utaona kinyesi cha ndege, cheusi na cheupe, kinachotafuna. Huyo ni kiwavi mchanga wa Papilio demodocus, kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano anayependa michungwa na milimau. Amejifanya mavi ili asiliwe, kwa hiyo ndiye kiumbe pekee uani ambaye kutazamwa hakumsumbui. Utampiga vizuri sana. Utamweka kwenye status. Watu watauliza kwa nini umeweka mavi. Waambie wangoje, kwa sababu akikua anageuka kijani, na akichokozwa huchomoza pembe mbili laini kichwani zenye rangi ya chungwa na harufu kali, na mwisho wake ndiye yule kipepeo. Wewe pia ngoja. Hesabu siku kwenye kalenda. Siku moja kabla ya siku yenyewe, mwenye mlimau atapuliza dawa.

Usimlaumu. Huu ndio mji wenye makao ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kurithi kazi za taasisi ya utafiti wa viuatilifu, TPRI, ya Ngaramtoni. Wataalamu wa wadudu hapa hawahitaji kutafutwa kwa tochi. Wanamjua kiwavi wako kwa jina, wanajua anakula nini na kwa kasi gani, na wamejitahidi miaka mingi asifike mwisho wa hadithi unayoisubiri. Ukikutana nao, sikiliza kwa adabu, uchukue kipeperushi.

Picha nzuri ya mdudu hupigwa ukiwa usawa wa macho yake. Lala chini, basi. Kabla ya kulala, angalia kama kuna mstari mweusi unaotembea. Mwaka 1962 ilitoka filamu ya Howard Hawks iliyopigwa huku Arusha na Momella, John Wayne akifukuza vifaru kwa gari, na Wamarekani wakaiita Hatari! Hakuna hata mmoja katika filamu ile aliyelazwa kifudifudi juu ya siafu wakati wa masika, kwa hiyo jina hilo naliona limetolewa mapema mno. Ukivamiwa, simama, vua, usijali nani anapita. Kamera iweke chini kwanza. Utasahau kuiweka chini kwanza.

Usiku mmoja baada ya mvua za mwanzo, kumbikumbi watatoka. Hii ndiyo fursa kubwa ya mwaka: maelfu ya mabawa kuzunguka taa ya barazani, mwanga mmoja, mandhari meusi, kila kitu kinasogea. Washa taa, fungua flashi, anza. Paka atafika. Kuku ambao walikuwa wamelala wataamka. Mpangaji wa chumba cha nyuma, mwenyeji wa Kanda ya Ziwa, atakuja na beseni la maji, atalitega chini ya taa kwa ustadi usiojifunzwa kwenye kitabu, kisha atakuomba kwa upole usizime hiyo flashi yako maana inasaidia. Mtafanya kazi pamoja hadi saa tatu. Yeye ataondoka na beseni, wewe utaondoka na kivuli cha beseni. Atakuletea wachache waliokaangwa kesho yake, na kukataa si adabu.

Tahadhari moja ya mji huu tu. Ukimwambia mtu unapiga picha wadudu, eleza mapema ni wadudu gani. Arusha kuna vijana wanaojiita hivyo, wenye nywele za rangi na mavazi ya kushangaza, na wakisikia kuna kamera watakuja wenyewe. Wanajua kusimama kwenye mwanga. Wana mikao. Ukilinganisha na kereng'ende, utashawishika kubadili fani.

Yote hayo ni maandalizi. Kazi halisi ni jirani.

Ndege hajui mipaka ya kiwanja. Atatoka kwako akatue kwa mzee wa nyumba ya pili, na lenzi yako itamfuata, na kwa mbali itaonekana imeelekezwa kwenye dirisha. Mzee atatoka. Mazungumzo yatakwenda hivi, na usijidanganye kwamba kwako yatakwenda vingine:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unapima nini hapo, kijana?"

"Sipimi, mzee. Napiga picha ndege."

"Ndege gani?"

"Yule mdogo, kwenye mparachichi wako."

"Ana nini?"

Hapa ndipo hobi nzima inapoanguka, kwa sababu hana kitu. Yuko tu. Ukisema hana kitu, mzee atasema, "Sasa?" na atabaki amesimama akingoja sehemu iliyobaki ya maelezo. Hakuna sehemu iliyobaki. Fikiria unavyoonekana kutoka upande wake. Tangu uwanja wa mpira wa AFCON 2027 uanze kujengwa kule Olmoti, mtoto mdogo wa Arusha anajua kwamba anayetazama ardhi ya mwenzake kwa muda mrefu ana nia nayo. Wewe unatazama ya mzee tangu saa moja, kwa chombo, ukiwa umejificha nyuma ya michongoma.

Jifunze kutoa sababu. "Napenda ndege" si sababu, ni dalili. "Hobi" ni mbaya zaidi, hufanya watu waulize mama yako yuko wapi. "Ni mradi" hukubalika mara moja, na huhitaji kusema mradi wa nini. "Ni utafiti" hukubalika pia, kwa kuwa mji una TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na vyuo vya kutosha, na wakazi wamezoea vijana wanaohesabu vitu visivyo na faida kwa fedha za watu wengine. Ukivaa kizibao cha riflekta na kushika ubao wa kuandikia, unaweza kupiga picha chochote kuanzia Sakina hadi Njiro bila kuulizwa jina. Ila kufikia mchana wenye nyumba watakuwa wamejipanga kukuuliza fidia ni kiasi gani na wanaanza kulipwa lini.

Mpe mzee picha iliyosafishwa, ya yeye mwenyewe mbele ya mparachichi. Atakuwa mlinzi wako kwa mwaka mzima. Ataanza hata kukupigia simu: "Ndege wako amekuja." Hakikisha kwanza ni ndege. Mara nyingi ni kuku wa mtu.

Bundi usimpige. Najua ana macho mazuri. Najua ametua kwenye nguzo ya umeme mbele ya nyumba yako, amekaa, anangoja. Lakini mtu anayetoka nje saa sita usiku kumfuata bundi, akiwa na kifaa chenye taa nyekundu, hahitaji mwongozo wa picha, anahitaji wakili. Bundi akilia na jirani akaugua wiki hiyo, onyesha folda ya tawi. Na ukiwa unaishi Kisongo, jirani na uwanja wa ndege, usimwambie mtu mwenye sare kwamba upo pale kupiga picha ndege. Kwa ujumla, popote penye uzio, bendera na mlinzi, utaona ndege wazuri ajabu, wametulia, wamenenepa. Wamechagua mahali hapo kwa sababu hakuna anayewasumbua. Usiwe wa kwanza.

Ukizidiwa na mtaa, nenda matembezi. Ziwa Duluti kule Tengeru linatosha: maji yamejaa kreta ya zamani, msitu umelizunguka, kuna njia ya miguu, hondohondo wanapita juu ya miti wakipiga mabawa kwa kishindo, mdiria ametua kwenye kijiti juu ya maji. Lipa kiingilio, tembea taratibu. Utakuta mahali pazuri kuliko pote pamekaliwa na kwaya inayorekodi video.

Au nenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanza mwaka 1960 ikiitwa Ngurdoto, ikapewa jina la sasa 1967. Mtanzania hulipa kwa shilingi, na hilo peke yake ni sababu ya kwenda. Humo nunua ukimya wa dereva kwa soda, maana utamwomba asimame kwa ajili ya panzi. Magari mengine yatasimama nyuma yenu, yakidhani mmeona chui. Wageni watainuka juu ya viti, watauliza, watatazama, watakaa. Dereva wako atavuta kofia ichunguze magoti yake. Ana jina mjini, na wewe unalichezea.

Ukitaka heshima ya kimataifa, panda gari la Namanga ushuke Engikaret, kwenye nyanda kavu ambazo Meru inazinyima mvua. Huko yupo kipozamataza wa Beesley, anayepatikana katika nyanda hizi za kaskazini mwa Tanzania na si kwingine. Watu huvuka bahari kuja kumwona. Ni mdogo, ni wa kahawia, na hutembea chini kati ya mawe madogo ya kahawia. Mchungaji wa pale atakuonyesha kwa fimbo: "Yule." Utapiga. "Siyo huyo, yule." Utapiga tena. Rudi nyumbani, fungua picha kwenye kompyuta, uanze kuchambua mawe.

Baada ya picha kunakuja jina. Nunua kitabu cha Terry Stevenson na John Fanshawe cha ndege wa Afrika Mashariki, chenye aina zaidi ya 1,300. Utafungua ukurasa wa ndege wadogo wa kahawia na kukuta ni kurasa nyingi. Wamepangwa safu kwa safu, wote wanatazama upande mmoja, wote ni ndege wako. Wataalamu huwatofautisha kwa sauti. Wewe una picha. Andika "ndege mdogo" na usonge mbele. Waliokutangulia wameandika hivyohivyo kwa Kilatini.

Halafu itume picha kwa watu, kwani bila hivyo ungeamka saa kumi na mbili kasoro kwa ajili ya nani? Utapokea maswali matatu. La ndege: analiwa? La mdudu: anauma? Na la tatu, kwa kuwa hapa ni Arusha: ana bei? Usikasirike. Mji huu unakula kwa wanyama. Dereva, mpishi wa kambi, muuza mashuka, fundi wa kutengeneza paa la kufunguka la Land Cruiser, wote wanalipwa ili mtu mwingine amwone twiga. Mtu anayemwona shore bure, kwake, na kesho yake akaamka kumwona tena, hajaeleweka ameajiriwa na nani. Jibu maswali yote kwa "inategemea."

Mwisho wa njia hii unajulikana, na hakuna aliyewahi kuukwepa. Habari zitaenea kwamba una kamera kubwa. Desemba itafika. Mama fulani wa kikundi chenu cha jumuiya atakupigia simu na kukuita mwanangu. Kuna kipaimara cha mtoto wake Jumapili, cameraman waliyempata amewageuka, na wewe si una ile mashine, tena wanasikia hutozi, unapigaga ndege tu. Kubali, kukataa hukuwezi. Lenzi ndefu iache nyumbani, maana ndani ya hema itakupa pua. Fika mapema, piga keki kabla haijakatwa, piga ndafu kabla haijafikiwa, na simama hapo karibu na ndafu kwa sababu mwanga wake ni mzuri na kila mtu atapita. Kisha futa kichwani yote uliyojifunza mwaka mzima. Ndege aliyeshika mdudu mdomoni ni picha ya mwaka. Shangazi wa mtoto aliyeshika ubavu wa mbuzi mdomoni ni kikao cha ukoo, na utaitwa utoe maelezo.